Nina miaka 16 na nataka jeshi: niache shule niingie sasa?

"Shikamoo afande. Mimi ni msichana wa miaka 16, nimebakiza miaka miwili kumaliza sekondari. Tangu nikiwa mdogo nataka kuwa mwanajeshi. Binamu yangu aliyeko jeshini ananiambia niache shule niingie mapema, eti kule hawaangalii vyeti, wanaangalia kifua. Mama hataki hata kusikia, anasema nitakufa au nitarudi nimeharibika. Mimi navaa miwani. Nimeanza kukimbia kila alfajiri nikiwa nimebeba begi la mawe mgongoni ili nijizoeze, lakini sasa ugoko wa kulia unaniuma. Tena kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: sijui kama ninaweza kumpiga mtu risasi. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja: shule, macho, mguu, mama, na lile ulilolificha mwishoni. Nitaanza na mguu. Hayo mengine yanaweza kusubiri hata mwaka mzima, mguu hausubiri.

Begi la mawe liache leo. Sisemi upunguze mawe mawili matatu, nasema liache kabisa. Nimefundisha kuruta kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na kuruta anayefika kambini na ugoko wa namna hiyo ni miongoni mwa wale tunaowarudisha nyumbani mapema, wakati mwingine akiwa ndiye mwenye moyo kuliko wote kwenye kikosi.

Unapoanza kukimbia, moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Misuli nayo hufuata. Mfupa ndio unaochelewa. Kila mguu unapotua chini, mfupa wa ugoko unapinda kidogo sana, na mwili ukiona mzigo umeongezeka huanza kuujenga upya ili uwe imara zaidi. Shida ni kwamba ujenzi wenyewe huanza kwa kubomoa. Kuna chembe hai ambazo kazi yake ni kula sehemu iliyochoka, kisha huja nyingine kujaza mfupa mpya, na kujaza huko huchukua miezi. Ni sawa na fundi aliyetoa tofali bovu ukutani: mpaka alete jingine, pale pana tundu, na paa bado limekaa juu ya ukuta uleule. Sasa angalia mtego ulipo. Katika wiki hizohizo ambazo mfupa umedhoofika, pumzi yako imekuwa nzuri, unajiona shujaa, unaongeza mawe. Hapo ndipo ufa mwembamba hutokea.

Si kila maumivu ya ugoko ni ufa. Yakiwa yametapakaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, yanauma mwanzo wa mbio halafu yanapoa ukishapata joto, mara nyingi ni misuli na utando unaofunika mfupa vimechokozwa, na mapumziko yanatosha. Lakini yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yakizidi kadiri unavyokimbia, yakikuamsha usiku, au ukishindwa kuruka kwa mguu huo mmoja kwa sababu yanachoma, nenda kwa daktari wiki hii. Mwambie wazi kwamba umekuwa ukikimbia na mzigo. Eksirei inaweza isionyeshe kitu kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, na daktari asiyejua habari za begi anaweza kuiangalia picha, akaona safi, akakuruhusu urudi barabarani.

Akikuuliza kuhusu hedhi, mjibu bila aibu. Msichana anayefanya mazoezi makali huku chakula ni kidogo anaweza kukosa siku zake, na homoni inayopungua wakati huo ndiyo inayoulinda mfupa. Kambini nimesikia wasichana wakijivunia jambo hilo kana kwamba ni dalili ya ukakamavu. Ukikosa miezi mitatu mfululizo, hilo nalo ni la daktari.

Mguu ukishapona, kimbia mikono mitupu, siku tatu kwa wiki, siku nyingine fanya pushapu, kuchuchumaa na kuogelea kama una mahali. Ongeza umbali polepole kiasi cha kukukera. Kubeba mzigo ni somo linalofundishwa jeshini hatua kwa hatua, tena kwa kutembea, na hakuna mkufunzi anayetarajia ufike ukiwa umelijua.

Miwani haipaswi kukunyima usingizi. Majeshi mengi huwapokea wanaovaa miwani ilimradi tatizo la macho lisivuke kiwango walichoweka. Masharti hukaza kwa marubani na kwa kazi chache maalumu, na huko hupimwa pia uwezo wa kutofautisha rangi, kwa zile picha za vidoadoa vyenye namba ndani yake. Nakuomba mambo mawili tu hapa. Usikimbilie upasuaji wa macho kwa leza ukiwa na miaka 16, maana macho yako bado yanabadilika, na baadhi ya majeshi yana masharti kuhusu aina ya upasuaji na muda uliopita tangu ufanyike. La pili, usidanganye kwenye fomu ya afya. Kijana aliyeficha pumu huonekana siku ya kwanza ya vumbi na mbio, na hapo haondolewi kwa ugonjwa tu, anaondolewa kwa uongo.

Sasa binamu yako. Anasema kweli nusu. Nafasi za kuanzia chini kabisa, zile za askari wa kawaida, katika nchi nyingi hazidai elimu kubwa. Asichokwambia, pengine kwa sababu naye hakuambiwa, ni kwamba jeshi lina milango miwili na haiko upande mmoja wa jengo. Mlango wa kwanza unakuingiza ukiwa kuruta, unapanda kwa miaka: koplo, sajenti, na kuendelea. Wa pili unakuingiza ukiwa ofisa mwanafunzi, unahitimu na kutunukiwa kamisheni, yaani hati ya uofisa, unaanza na nyota begani ukiwa luteni usu, na siku hiyohiyo sajenti mwenye umri wa baba yako anakupigia saluti. Mlango huo wa pili unafunguliwa na shule. West Point ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1802, inamchukua kijana kwa miaka minne na kumpa shahada. Sandhurst ya Uingereza inamnoa kwa wiki 44, na wengi wanaofika pale tayari wana shahada. Kila nchi ina chuo chake na masharti yake, lakini sijapata kuona kinachomtaka kijana aliyeacha sekondari.

Wala usidhani nautukuza mlango wa maofisa. Baadhi ya wanajeshi bora niliowafahamu walikuwa masajenti, na kikosi kisicho na sajenti mzuri hakiendi popote hata kama ofisa wake ana shahada tatu. Ninachosema ni kwamba cheti kinakuongezea milango hata ukiwa askari wa kawaida. Kwenye usaili kuna majaribio ya hesabu, lugha na ufahamu, na matokeo yake ndiyo yanayoamua utapelekwa kwenye mawasiliano, uhandisi, uuguzi, ufundi wa ndege, au utabaki kwenye lindo na fatiki, yaani kazi za sulubu za kambini. Binamu yako mwulize swali moja: wenzake waliopandishwa cheo haraka walikuwa na nini ambacho yeye hana?

Kuna sheria pia. Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Mtoto kuhusu watoto katika vita, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2002, inazitaka nchi zilizoiridhia kuhakikisha kwamba aliye chini ya miaka 18 hashiriki moja kwa moja kwenye mapigano wala halazimishwi kuingia jeshini. Kujiunga kwa hiari kabla ya 18 kunaruhusiwa katika baadhi ya nchi, lakini kwa masharti: uwe umetaka mwenyewe kweli, mzazi aridhie, uelezwe wajibu wote unaokungoja, na uthibitishe umri wako. Uingereza hupokea kuanzia miaka 16, Marekani 17 kwa saini ya mzazi, na nchi nyingi haziangalii kabisa ombi la aliye chini ya 18. Kwa hiyo inawezekana kabisa "mapema" ya binamu yako haipo kwenye sheria za nchi yako. Na kikundi chochote chenye silaha kisicho jeshi la taifa, hata kingeahidi nini, hakiruhusiwi kukuchukua ukiwa na umri huo kwa hali yoyote ile.

Hata pale inaporuhusiwa, mimi ningekushauri usubiri, na sababu yangu si ubichi wa akili yako. Ni kiapo. Kazi nyingine yoyote ukiichoka unaandika barua, unaondoka. Jeshini huondoki. Kuondoka bila ruhusa ni utoro, na utoro ni kosa linalokupeleka mahakama ya kijeshi. Marekani, kwa mfano, anayejiunga kwa mara ya kwanza kwa kawaida hufungwa na wajibu wa miaka minane kwa jumla, sehemu akiwa kazini na sehemu akiwa kwenye akiba ambako anaweza kuitwa tena. Utaambiwa uishi wapi, ulale saa ngapi, uvae nini, nywele zako ziweje, na ukahamishwe siku ambayo ndugu yako anaoa. Wengi wetu tulizoea na wengine tukapenda. Lakini uhuru wako wote katika jambo hili upo kabla hujaweka sahihi. Miaka miwili ya shule unayoiona kama kucheleweshwa ndiyo miaka pekee ambayo unaweza kubadili mawazo bure.

Nije kwenye risasi.

Wanajeshi wengi hawapigani kwa bunduki. Nyuma ya kila anayekaa mstari wa mbele kuna madereva, mafundi, wapishi, wahasibu, wauguzi, watu wa ramani na watu wa redio, na katika majeshi ya kisasa hao wa nyuma ndio wengi. Hata hivyo usiingie kwa kutegemea hilo. Kila kuruta hufundishwa kulenga shabaha, na mpishi naye hupangwa lindo usiku akiwa na silaha yenye risasi. Hata wahudumu wa afya, ambao Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda wasishambuliwe, wanaruhusiwa kubeba silaha ndogo ili kujilinda na kuwalinda majeruhi wao. Ukivaa gwanda umekubali kwamba siku hiyo inaweza kufika.

Mafunzo yanafanya nini kwa hofu unayoisema? Mtu akiogopa sana, mikono hutetemeka, macho huona mbele tu, na akili hupoteza hesabu ndogondogo. Ndiyo maana tunarudia jambo moja mpaka linachosha: kufungua silaha, kuifunga, kulala chini, kuinuka, amri, jibu. Mara mia, halafu mara mia tena, mvua ikinyesha. Tunataka mwili ujue la kufanya akili inapokwama. Kwa hiyo kama hofu yako ni ile ya "nitaganda, nitalia, nitakimbia", hiyo ndiyo inayofundishika kuliko zote, na nimeona ikiwatoka watu waoga kuliko wewe.

Lakini kuna hofu nyingine ambayo mafunzo hayaigusi na hayapaswi kuigusa. Kama ukijichunguza kwa utulivu unaona kwamba kumuua mtu ni jambo ambalo imani yako au dhamiri yako inalikataa kabisa, hata kwa kujilinda, hata kwa kumlinda mwenzako, basi jeshi si mahali pako, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Kuna zimamoto, uokoaji, uuguzi wa dharura, kazi za misaada. Huko pia kuna sare, nidhamu, zamu za usiku na hatari. Ni vyema ulijue hili ukiwa na miaka 16 mezani kwenu kuliko kuligundua ukiwa na miaka 20 kwenye doria, wenzako wakikutegemea.

Na usiamini kwamba askari ni mkono tu usio na kichwa. Tangu kesi za Nuremberg, ambako viongozi wa Ujerumani ya Hitler walishtakiwa baada ya Vita Kuu ya Pili, "niliamriwa" si kinga kwa mtu aliyetenda uhalifu wa kivita. Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai nchini Vietnam, askari wa Marekani walikuwa wakiua raia, wakiwemo watoto. Rubani wa helikopta wa jeshi hilohilo, Hugh Thompson, akiwa na miaka 24, alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wamejificha, akawaamuru watu wake wawafyatulie risasi Wamarekani wenzao kama wangewashambulia raia hao, kisha akaita helikopta nyingine zije kuwaondoa. Kwa miaka mingi alichukiwa na kuitwa msaliti. Medali iliyotambua ukweli wa alichofanya aliipata mwaka 1998, miaka 30 baadaye. Nakusimulia hili ujue bei yake. Kukataa amri haramu ni wajibu wako, lakini hakuna atakayekuahidi kwamba kutakuwa rahisi au kwamba utapigiwa makofi.

Mama yako anaogopa kifo, na mimi siwezi kumwambia hakipo. Ninachoweza kumwambia ni kwamba katika miaka ya amani, kinachowaumiza wanajeshi zaidi ni mazoezi, magari na uzembe: magoti, migongo, joto kali wakati wa mbio ndefu. Masikio pia. Bunduki ya kivita hutoa mlio unaozidi desibeli 150, na juu ya 140 mlio mmoja tu unaweza kuharibu vinyweleo vya sikio la ndani, ambavyo havioti tena. Miongoni mwa wastaafu wa jeshi la Marekani wanaolipwa fidia, mlio wa kudumu masikioni ni moja ya malalamiko yanayoongoza. Vaa vizibo hata wenzako wakikucheka.

"Kuharibika" anakokuogopea huenda ni kwa akili, na hapo ana haki. Wako wanaorudi kutoka vitani wakishtuka kwa mlango kugongwa, wakikosa usingizi, wakikasirika bila sababu. Si wote, wala si wengi kama watu wanavyodhani, na tiba ipo. Kinachoua ni kunyamaza, na jeshi kwa muda mrefu limekuwa hodari wa kunyamaza. Au pengine mama ana hofu nyingine ambayo mama huona vigumu kuitamka mbele ya binti. Nitaitamka mimi. Unyanyasaji wa kijinsia upo jeshini. Nchini Kanada, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, Marie Deschamps, alipewa kazi ya kulichunguza jeshi la nchi hiyo, na ripoti yake ya mwaka 2015 ilieleza kuwapo kwa mazingira ya kijinsia yenye uhasama kwa wanawake, na kwamba wengi hawakuripoti kwa kuogopa matokeo. Hilo ni jeshi lililokubali kuchunguzwa. Sikukatazi kwa sababu ya hili. Wanawake hodari wanaongoza vikosi, wanarusha ndege, wanaamuru meli. Nakutaka uulize kabla ya kuingia: mkuu wangu akiwa ndiye mkosaji, namripoti kwa nani? Kama jibu ni "kwa mkuu wako", umejua pa kuanza kuwa na wasiwasi.

Hayo maswali usimwulize binamu peke yake. Tafuta mwanamke aliye jeshini sasa na mwingine aliyeacha, na huyo wa pili mwulize kwanza kwa nini aliacha. Anayekuandikisha atakueleza mazuri, na simlaumu, ndiyo kazi yake. Nenda ofisi ya uandikishaji ukiwa na mama, hata kama atakaa kimya amekunja uso; mzazi aliyesikia masharti kwa masikio yake hubishana kwa hoja badala ya hofu, na wewe pia utalazimika kujibu kwa hoja. Nenda mguu ukishapimwa na mwalimu akiwa amekueleza masomo gani yanahitajika kwa kazi unayoitaka. "Nataka jeshi" peke yake haitoshi. Nataka mawasiliano, nataka uuguzi, nataka mizinga: hapo anayekusikiliza ana la kukujibu.

Akitokea mtu anayesema anaweza kukupatia nafasi kwa pesa, au anayekutaka upunguze au uongeze umri kwenye karatasi, mfukuze, hata awe na gwanda. Nafasi halali haiuzwi, na cheti chenye umri wa uongo kitakufuata mpaka siku ya kudai pensheni. Siku ikifika ya karatasi zenyewe, ahadi yoyote ya mdomo kuhusu kazi utakayopewa, chuo utakachopelekwa au mahali utakapokaa iandikwe kwenye mkataba, vinginevyo ihesabu kuwa haikutolewa. Ombeni nakala mwende nayo nyumbani kwa usiku mmoja, mkaisome wote wawili kwa sauti. Wakikataa, ondokeni.